Masharti kwanza: kwa wadogo zangu mnaoanza utafiti wa nadharia ya uwezekano

Wadogo zangu,

Nimemaliza kusoma rasimu zenu za muhula huu. Zina mawazo mazuri, na mawili matatu kati ya hayo yamenikosesha usingizi kwa furaha. Lakini kosa moja limejitokeza rasimu baada ya rasimu: kikomo kiko nje ya wastani, mstari unaofuata kimeshaingia ndani, na kati ya mistari hiyo miwili hakuna neno. Hakuna teoremu ya Lebesgue wala lema ya Fatou, zinazosema lini hatua hiyo inaruhusiwa, hakuna hata "kama inavyojulikana". Nimeandika pembeni "kwa sharti gani?" mpaka mkono umechoka. Kosa hili walilifanya walionitangulia, nikalifanya mimi, na sasa naona nanyi mmelirithi bila hata kuachiwa wosia.

Basi nayaandika hapa mara moja, ili tukikutana kwenye semina tuzungumze hisabati. Sitaeleza filtresheni ni nini wala wastani wa sharti ni nini, hayo mnayo. Ninachotaka kusema ni kile ambacho hakimo kwenye mitihani.

1. Masharti ni sehemu ya teoremu

Tawi letu lina hatari ambayo wenzetu wa aljebra hawaionji sana. Kila binadamu anazaliwa na hisia zake kuhusu bahati, na hisia hizo hupaza sauti kuliko hesabu. Joseph Bertrand alilionyesha hilo mwaka 1889 kwa swali ambalo hata mwanafunzi wa sekondari analielewa. Chora duara, ndani yake chora pembetatu yenye pande sawa inayogusa duara kwa ncha zake zote, kisha chagua chodi ya duara kwa nasibu. Kuna uwezekano gani kwamba chodi hiyo ni ndefu kuliko upande wa pembetatu? Ukichagua ncha mbili za chodi kwenye mzingo, jibu ni 1/3. Ukichagua umbali wake kutoka kitovuni, jibu ni 1/2. Ukichagua nukta yake ya katikati popote ndani ya duara, jibu ni 1/4. Hesabu zote tatu ni sahihi. Kilichokosekana ni kusema "kwa nasibu" ipi.

Tiba yake aliitoa Kolmogorov mwaka 1933: taja nafasi, taja matukio, taja kipimo, ndipo uhesabu. Mnaijua. Mliiandika vizuri kwenye mtihani. Na bado rasimu zinafunguka kwa herufi P ambayo hakuna aliyeambiwa inatoka wapi.

Mmoja wenu alinijia akiwa amekata tamaa. Alikuwa amechora grafu ya wastani wa sampuli zake, namba milioni nzima, na mstari haukutulia. Unatulia kidogo, unaruka, unatulia tena kwingine, unaruka tena. Alikuwa ameikagua programu yake usiku kucha akitafuta hitilafu. Nikamuuliza namba zinatoka kwenye mgawanyo gani. "Cauchy." Programu haikuwa na tatizo lolote. Wastani wa vigeu milioni moja huru vya Cauchy una mgawanyo ule ule wa kigeu kimoja. Ungeweza kuchukua bilioni na usingesogea hatua. Sheria ya namba kubwa, inayosema wastani wa sampuli hutulia, inadai mgawanyo wenyewe uwe na wastani, na mgawanyo wa Cauchy hauna. Nilimpongeza, na pongezi zilikuwa za dhati, kwa sababu aliamini grafu yake kiasi cha kuileta. Wengine wangeifuta wakabadilisha mgawanyo kimyakimya.

Na uhuru wa matukio, jamani. "Kila mawili ni huru" haimaanishi "yote ni huru". Rusha sarafu mbili na utazame matukio matatu: ya kwanza imeangukia kichwa, ya pili imeangukia kichwa, zote mbili zimefanana. Chukua mawili yoyote, utakuta ni huru. Chukua matatu, uhuru umekwisha, maana ukijua mawili la tatu unalijua. Mfano huu unaingia kwenye mistari miwili. Hakuna sababu ya kuukosa.

2. Martingeli lokali si martingeli

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa niliumia. Martingeli ni mchezo wa haki: wastani wake haubadiliki na wakati. Ile ya lokali ina hakika ya haki hiyo pale tu inaposimamishwa kwenye nyakati fulani za nasibu, ziitwazo nyakati za kusimama.

Sura ya tatu ya tasnifu yangu ilihusu michakato ya mtawanyiko inayoweza kutoroka kwenda mbali bila kurudi. Nilikuwa na fomyula ya Itô, nilikuwa na fungsheni ambayo neno lake la dt linajifuta lenyewe, na kilichobaki kilikuwa integrali ya Itô tupu. Nikaandika "kwa hiyo M ni martingeli". Dhamiri ilinisumbua kidogo, kwa hiyo nikaongeza lema: martingeli lokali yenye mpaka katika L², yaani wastani wa mraba wake haupiti kiwango fulani, ni martingeli. Uthibitisho wake ulikuwa mistari mitano. Mpaka katika L² unaleta kuintegrika kwa usawa, kuintegrika kwa usawa kunaruhusu kikomo kuingia ndani ya wastani, tumemaliza. Niliusoma tena na tena, na kila mara niliuona mzuri zaidi. Juu ya lema hiyo nikajenga teoremu kuu ya sura, na juu ya teoremu hiyo nikajenga sura ya nne.

Nikatuma makala kwa jarida. Mwenzangu aliyekuwa nyuma yangu kimasomo akaniuliza kama anaweza kuitumia lema kwenye kazi yake. Nikamwambia atumie bila wasiwasi. Sentensi hiyo ndiyo ninayoijutia kuliko zote zilizomo kwenye tasnifu.

Siku ya semina niliwasilisha kwa kujiamini. Nilipofika kwenye lema, mzee mmoja aliyekaa nyuma, mtu wa maneno machache, akauliza swali moja: "Umeijaribu na mwendo wa Brown wa dimensheni tatu, na moja gawanya kwa umbali kutoka asili?" Nikasema bado, lakini tunaweza kujaribu hapa hapa. Nikaanza kuandika ubaoni. Mwendo wa Brown, yaani njia ya chembe inayosogea kwa nasibu bila kukoma, unaanzia umbali wa 1 kutoka asili. Fungsheni 1/r ni hamoniki katika dimensheni tatu, mwendo haugusi asili kamwe, kwa hiyo 1/|B| ni martingeli lokali. Wastani wa mraba wake una mpaka kwa wakati wote. Masharti ya lema yangu yametimia, kwa hiyo wastani wake lazima ubaki 1 milele. Kisha nikahesabu wastani wenyewe. Kwa wakati t = 1 unatoka takriban 0.683. Kadiri t inavyokua, unakwenda sifuri.

Nilisimama mbele ya ubao nikitazama 0.683 kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Hakuna aliyecheka. Yule mzee alisema kwa upole kwamba watu wengi wamepita hapo, tukaendelea na maswali mengine ambayo siyakumbuki. Lakini lema ilikuwa ya uongo, na haikuwa ya uongo kwa sababu ya kasoro ndogo ya kuzibwa kwa sentensi moja. Teoremu iliyojengwa juu yake nayo haikuwa kweli. Niliandika kwa mhariri wa jarida nikiiondoa makala kabla wahakiki hawajapoteza muda zaidi. Kisha nikaenda kumtafuta mwenzangu. Alikuwa ameshaandika kurasa nyingi akiegemea neno langu. Aliipokea habari kwa utulivu kuliko nilivyostahili, akasema tu, "Nionyeshe mfano." Nikamwonyesha. Akaukagua mwenyewe hatua kwa hatua, na tangu siku hiyo alikuwa mkaguzi bora kuliko mimi.

Kosa lilikuwa wapi? Katika uthibitisho wangu kikomo kilikuwa kinapita kwenye nyakati za kusimama, zile zinazoifanya martingeli kuwa lokali. Mpaka katika L² unazidhibiti thamani za M kwenye nyakati zisizobadilika: t = 1, t = 2, t = mia. Hausemi chochote kuhusu thamani za M kwenye nyakati za kusimama, na pale ndipo nilipohitaji udhibiti. Katika mfano wa 1/|B| unaweza kuliona shimo kwa macho. Uwezekano kwamba mwendo ulioanzia umbali wa 1 utawahi kugusa mpira wenye kitovu kwenye asili na nusu kipenyo r, r ikiwa chini ya 1, ni r kamili. Kwa hiyo uwezekano kwamba kilele cha M kitafika λ ni 1/λ, na ukiintegreti 1/λ hadi ukomo usio na mwisho unapata logi isiyo na mpaka. Kilele hakina wastani. Mchakato ambao kila ukiutazama kwa saa maalumu unaonekana mtulivu, una vilele adimu vinavyobeba sehemu ya wastani na kuondoka nayo.

Kilichonichoma zaidi nilikigundua jioni ile nilipofungua madaftari yangu ya kozi. Mfano ule ulikuwemo. Nilikuwa nimeufanya kama zoezi, hatua zote, kwa mwandiko safi, nikapata alama zote. Niliujua kama zoezi na sikuujua kama onyo. Nilipokuwa naandika lema haukunijia kabisa, kwa sababu sikuwa na mazoea ya kuiuliza lema yangu swali lolote. Nilikuwa naisoma ili nifurahie.

Kazi ile niliitengeneza upya. Niliongeza sharti kwamba fungsheni iwe na mpaka, sura ya nne nikaitupa nusu, na matokeo yaliyobaki yalikuwa madogo na ya kweli. Baadaye ilionekana kwamba bila sharti la namna hiyo swali lenyewe lina jibu tofauti kabisa, na jibu hilo likawa makala nyingine. Lakini sitawaambia kwamba ilikuwa heri kukosea. Mwenzangu alipoteza miezi yake kwa ajili yangu, na hiyo hairudi.

Kwa hiyo: ukiona integrali ya Itô, andika "martingeli lokali", kisha uthibitishe kwa mstari tofauti kwamba ni martingeli kweli. Kagua kama wastani wa variesheni mraba (jumla ya miraba ya misogeo midogo ya mchakato) ni namba yenye mwisho, au kama kilele kina wastani. Na uwe na orodha ya mifano migumu ukutani: Cauchy, sarafu mbili za hapo juu, 1/|B|, mfuatano unaokwenda sifuri kwa uwezekano lakini hautulii kwenye nukta yoyote, na log-normali ambayo momenti zake zote zipo na bado hazitoshi kuitambulisha. Kila lema mpya ipitie orodha hiyo kabla haijaonwa na mtu.

3. Tafuteni kwanza kama imeshathibitishwa

Alan Turing, kabla ya mashine zake, alithibitisha teoremu ya kikomo cha kati, ile inayoeleza kwa nini jumla za vigeu vingi hukaribia mgawanyo wa kengele, kwa nguvu zake mwenyewe katika tasnifu ya mwaka 1934. Baadaye akaambiwa kwamba Lindeberg alishaimaliza mwaka 1922. King's College ya Cambridge ilimchagua kuwa mwanazuoni wake mwaka 1935 hata hivyo, akiwa na miaka 22, kwa sababu waliona uwezo wake. Jarida la leo halitakufanyia hisani hiyo. Pitia sehemu ya uwezekano kwenye arXiv, hifadhi ya mtandaoni ya makala mpya, kila asubuhi, hata kama ni vichwa vya makala tu.

Ila ukigundua kwamba umetanguliwa, usijifungie chumbani. Nimeona vijana wanaacha masomo kwa huzuni ya namna hiyo, na inaniuma. Kama umefika mahali alipofika Lindeberg bila ramani, basi unajua kutembea. Soma uthibitisho wake, tafuta ni sharti gani alilihitaji ambalo wewe hukulihitaji, au kinyume chake. Mara nyingi makala yako halisi iko kwenye tofauti hiyo.

4. Usiihukumu kazi ya mtu kwa ukurasa mmoja

Hili ni kwa wale mnaonyoosha mkono dakika ya tano ya semina na kusema "hiyo si kweli".

Louis Bachelier alitetea tasnifu yake Paris mwaka 1900 mbele ya jopo lililokuwa na Poincaré. Ilihusu bei za soko la hisa, na ndani yake mlikuwa na hisabati ya mwendo wa Brown miaka mitano kabla ya makala ya Einstein. Mwaka 1926 aliomba kazi ya kudumu Dijon. Sehemu moja ya maandishi yake ilionekana ina kosa, Paul Lévy akaulizwa, Lévy akasema ndiyo, ni kosa. Bachelier akakosa kazi. Lévy, ambaye bila yeye nusu ya msamiati wetu haipo, alikuwa ameiona sehemu ile tu na hakuendelea kusoma. Mwaka 1931 alikutana na jina la Bachelier ndani ya makala ya Kolmogorov, likitajwa kwa heshima. Akarudi kusoma, akaona alichokikosa, akaandika kuomba radhi, na wawili hao wakapatana. Bachelier alipata nafasi Besançon na kustaafu hapo mwaka 1937.

Namheshimu Lévy kwa ile barua ya kuomba radhi. Lakini mwaka 1926 haukurudishwa na barua. Mkiona kitu kinachoonekana kosa, ulizeni: "Hapa unatumia sharti gani?" Kama ni kosa, mwenyewe ataliona. Kama si kosa, mtakuwa mmejifunza jambo bila kumwangusha mtu. Yule mzee wa semina yangu alinifanyia hivyo. Hakuniambia nimekosea, alinipa mfano na chaki.

5. Andika, na uandike pale watu wanaposoma

Wolfgang Doeblin alikuwa askari katika jeshi la Ufaransa, kwenye kitengo cha simu, majira ya baridi ya wakati wa vita yakiwa yameshaanza. Kazi yake juu ya mlinganyo wa Kolmogorov aliiandika kwenye daftari la shule, akaituma kwenye Akademia ya Sayansi ya Paris mwezi Februari 1940 ikiwa bahasha iliyofungwa kwa lakiri. Tarehe 21 Juni 1940, jeshi la Ujerumani likiwa linamkaribia, alijiua. Alikuwa na miaka 25. Bahasha ilifunguliwa mwaka 2000, na ndani yake watu wakakuta mawazo yaliyo jirani kabisa na kile ambacho Kiyosi Itô alikichapisha miaka iliyofuata upande wa pili wa dunia, bila mmoja kujua habari za mwenzake.

Sisemi haya ili kumwaibisha mtu ambaye hajaandika wiki hii. Hakuna anayepaswa kulinganishwa na kijana yule. Nasema kwa sababu kila ninaposoma juu ya bahasha ile nafikiria madaftari yenu, yaliyojaa vitu vizuri ambavyo hakuna mwingine anayejua vipo. Mkimaliza hatua moja, iandikeni kama kurasa tatu zinazoweza kusomwa na mtu mwingine, na muweke tarehe.

Kuhusu Itô: alipokuwa akiijenga kazi yake ya mwanzo alikuwa mfanyakazi wa ofisi ya takwimu ya serikali ya Japani. Makala yake ya 1942 ilitoka kwa Kijapani kwenye jarida la kurudufiwa. Kwa hiyo wewe uliyepata kazi ya takwimu, au ya bima, au ya kuhesabu mlipuko wa magonjwa, na ukanijia ukisema "nimeiacha hisabati": hujaiacha. Unapata maswali ambayo wenzako wa chuoni hawayapati. Tenga asubuhi moja ya wiki, usiiachie.

Na mahali pa kuchapisha pana uzito. Thomas Royen, mstaafu wa Ujerumani, mwaka 2014 alithibitisha kwamba kipimo cha Gauss cha makutano ya seti mbili mbonyeo zenye ulinganifu kuzunguka asili hakipungui kuliko zao la vipimo vyake. Wataalamu wakubwa walikuwa wamehangaika nalo kwa miongo. Uthibitisho wake ulikuwa mfupi, na uliitumia familia ya migawanyo ya gamma ambayo aliizoea kazini. Lakini makala yake ilitoka kwenye jarida ambalo wengi wetu hatulifungui, na haikuwa imepangwa kwa LaTeX, programu ambayo wanahisabati huandikia makala zao. Rafał Latała na Dariusz Matlak waliiandika upya kwa mpangilio uliozoeleka, na habari ikaanza kuenea. Naona ni aibu yetu wasomaji kwamba hatukufungua haraka. Lakini ninyi jifunzeni LaTeX.

6. Kompyuta

Simulesheni si dhambi. Hata mwanahisabati mkubwa Paul Erdős hakulikubali jibu la ule mchezo wa milango mitatu, ambapo zawadi iko nyuma ya mmoja na mwendeshaji anakufungulia mlango mtupu, kwamba kubadilisha mlango kunakupa uwezekano wa 2/3, mpaka rafiki yake Andrew Vázsonyi alipomwonyesha simulesheni. Hifadhi mbegu ya namba nasibu, yaani namba inayouanzisha mfuatano wake, pamoja na programu, la sivyo hutaweza kurudia ulichokiona.

Lakini jueni mipaka. Kuna aliyetaka kuniletea ushahidi wa kompyuta wa sheria ya logi ya logi, inayopima upeo wa kuyumba kwa jumla ya vigeu n vya nasibu. Kwa n sawa na bilioni moja, logi asilia ya logi asilia ya n ni takriban 3.03. Ukitoka bilioni kwenda bilioni bilioni unapata takriban 3.72. Hakuna kompyuta itakayokuonyesha ukomo kwa mwendo huo. Hapo inabaki kalamu.

7. Kuchagua swali, na urefu wa kazi hii

Chagueni swali ambalo kisa chake kidogo mnaweza kukimaliza wiki hii. George Pólya alisimulia kwamba alipokuwa anatembea kwenye bustani alikutana na wapenzi wale wale tena na tena, akaona haya wasije wakafikiri anawafuatilia, akabaki anajiuliza ni kwa nini njia zinakutana hivyo. Teoremu yake ya 1921 inasema matembezi nasibu kwenye gridi ya dimensheni moja au mbili hurudi yalipoanzia kwa uwezekano wa 1. Kuanzia dimensheni tatu huenda yasirudi kabisa, na katika dimensheni tatu uwezekano wa kurudi ni takriban 0.34. Dimensheni moja unaimaliza kwa fomyula ya Stirling kabla ya chakula cha mchana. Swali zuri hukupa mlango wa namna hiyo.

Baada ya mlango, njia inaweza kuwa ndefu mno. Broadbent na Hammersley waliianzisha perkolesheni mwaka 1957. Kila ukingo wa gridi uko wazi kwa uwezekano p au umefungwa. Je, kuna kundi lililo wazi lisilo na mwisho? Kwenye gridi ya mraba, Harris alithibitisha mwaka 1960 kwamba p ikiwa 1/2 halipo. Kila mtu aliamini kwamba kizingiti ni 1/2 kamili. Harry Kesten alilithibitisha mwaka 1980. Miaka 20, kwa jambo ambalo kila mtu "alilijua". Na katika dimensheni tatu, kama kundi hilo lipo pale pale kwenye kizingiti au halipo, hakuna aliyethibitisha hadi leo. Dimensheni mbili imekwisha, kuanzia 11 kwenda juu imekwisha, na ile tunayoishi ndani yake iko wazi.

Msiipe muhula mmoja, nawaomba. Lakini mjue iko.

Kuhusu heshima ya tawi, kwa kuwa mnaniuliza: mwanauwezekano wa kwanza kupata Nishani ya Fields, ile ya hisabati inayotolewa kila miaka minne, ni Wendelin Werner mwaka 2006. Baadaye wakaja Smirnov 2010, Hairer 2014 na Duminil-Copin 2022. Varadhan alipata Tuzo ya Abel 2007 na Talagrand 2024. Kolmogorov, Lévy na Doob walifanya kazi zao bila nishani hiyo. Mwenye kuchagua tawi kwa kuhesabu nishani atahama kila miaka minne.

8. Mengineyo

Muulize msimamizi swali lililoandikwa, si la kuzunguka. Jibu wahakiki kila hoja, hata iliyokuudhi, na usijibu siku ile ile uliyoipokea. Ukiomba barua ya mapendekezo, mpe anayeiandika mwezi mzima. Ubaoni andika masharti kwenye kona na usiyafute mpaka mwisho. Unapokwama, badilisha dimensheni, badilisha mgawanyo uwe wa sarafu, au jaribu mbinu ya kuoanisha michakato miwili kwenye nafasi moja. Doeblin huyo huyo ndiye aliyetufundisha kuitumia kwa minyororo ya Markov, na mpaka leo ndiyo ninayoijaribu kwanza. Fundisheni kozi ya mwaka wa kwanza angalau mara moja, kwa sababu maswali ya wanaoanza yatawaonyesha mnachodhani mnakijua.

Rasimu za awamu ijayo nazitaka ziwe hivi. Ukurasa wa kwanza: nafasi, filtresheni, na masharti yote yenye namba. Kila penye kikomo kilichoingia ndani ya wastani, namba ya sharti linaloruhusu. Mwishoni, ukurasa mmoja unaoonyesha kwamba umeijaribu kila lema na mifano ile mitano ya kwenye namba 2, na umeandika ni sharti gani mfano husika unavunja. Mfano usiovunja sharti lolote na bado ukaikataa lema yako, usiufiche. Niletee siku hiyo hiyo, hata kama mlango wangu umefungwa, gonga. Na kabla hujamwambia mwenzako aitumie lema yako, mpe kwanza ajaribu kuiangusha.